Lugha ya Taifa na Lugha ya Sala: Tunajifunza Nini kutoka Timor ya Mashariki?

Utangulizi

Frateri anapokwenda kwa mara ya kwanza kufanya mwaka wa uchungaji katika parokia ya kijijini, huweza kukutana na jambo ambalo hakulitegemea. Anaongozana na katekista kumtembelea mgonjwa. Wanaingia ndani na kumkuta bibi mzee amelala kitandani. Frateri anasalimia, "Shikamoo, bibi," naye bibi anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Baada ya hapo bibi anaanza kueleza maumivu yake na yale yanayomsumbua moyoni, na anayasema yote kwa lugha ya nyumbani. Frateri haelewi. Katekista anatafsiri nusu, na nusu nyingine anaimeza, kwa sababu ni mambo ya ndani ya familia na yeye ni jirani. Mwishoni wanasali Baba Yetu kwa Kiswahili. Bibi anaisali yote bila kukosea, kisha wanaagana.

Hapo hakuna aliyefanya kosa. Taifa letu lilichagua lugha moja ya kutuunganisha, na sote tunamshukuru Mungu kwa matunda ya uchaguzi huo. Hata hivyo, bibi yule ana habari ambayo haikumfikia mtu aliyetumwa kumsikiliza. Je, nchi yenye lugha nyingi inachaguaje lugha moja? Na wale ambao lugha hiyo si yao wanabaki wapi?

Tutalitazama swali hili kupitia nchi moja ndogo iliyo mbali nasi, Timor ya Mashariki. Tumeichagua kwa sababu huko Kanisa Katoliki lenyewe lililazimika kuchagua lugha, na uchaguzi wake ukagusa maisha ya taifa zima. Historia ya nchi hiyo inatuonyesha kwamba uchaguzi wa lugha haupimwi kwa ubora wa lugha peke yake. Unapimwa pia kwa njia ambayo lugha iliwafikia watu, na kwa jinsi wanavyotendewa wale wanaoota ndoto zao kwa lugha nyingine.

Kwanza tuelewane juu ya maneno

Mara nyingi tunachanganya mambo manne. Lugha mama ni ile ambayo mtoto anaipata nyumbani. Lugha ya taifa ni ile ambayo wananchi wa makabila mbalimbali wanaitambua kuwa yao wote na alama ya umoja wao. Lugha rasmi ni ile inayotumiwa na serikali, bunge na mahakama kwa mujibu wa sheria. Lugha ya kufundishia ni ile ambayo mwalimu anaitumia darasani na mtoto anaitumia kujibu mtihani. Katika nchi nyingine lugha moja inafanya kazi zote nne. Katika nchi nyingi za Afrika na Asia kazi hizo zimegawanywa kati ya lugha mbili, tatu au zaidi, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Nchi ndogo, lugha nyingi

Timor ni kisiwa kilichoko kaskazini mwa Australia. Nusu yake ya magharibi ilitawaliwa na Waholanzi na leo ni sehemu ya Indonesia. Nusu ya mashariki, pamoja na eneo dogo la Oecusse lililo upande wa magharibi, ilitawaliwa na Wareno kwa karne kadhaa. Timor ya Mashariki ni kubwa kidogo tu kuliko mkoa wetu wa Kilimanjaro, na ina watu wapatao milioni 1.3. Pamoja na udogo huo ina lugha za asili zaidi ya kumi na tano. Baadhi yake, kama Kitetum, Kimambae, Kigaloli na Kibaikeno, ni ndugu wa lugha za visiwa vingi vya Asia ya Kusini Mashariki. Nyingine, kama Kifataluku, Kimakasae na Kibunak, hazina undugu nazo kabisa. Mtu wa Lospalos, mashariki kabisa mwa nchi, hawezi kubahatisha maana ya Kimambae kama Mhaya anavyoweza kubahatisha baadhi ya maneno ya Kinyambo.

Tangu zamani Kitetum kilitumika kama lugha ya kuwasiliana kati ya makabila. Wamisionari walilitambua hilo. Mwaka 1889 padre Mreno, Sebastião Maria Aparício da Silva, alichapisha kamusi ya Kireno na Kitetum. Katika mji mkuu wa Dili kulikua Kitetum cha mjini, chenye maneno mengi ya Kireno. Anayeshukuru husema obrigadu, neno lililotoka kwa Wareno, kama sisi tunavyosema "asante," "sita," "saba" na "tisa" bila kukumbuka kwamba maneno hayo yana asili ya Kiarabu. Lakini Mungu wanamwita kwa neno lao wenyewe, Maromak, lenye asili ya kung'aa, yaani mwanga.

Katika miaka hiyo Kireno kilikuwa lugha ya serikali na ya shule, na waliosoma walikuwa wachache. Wengi wa viongozi wa baadaye, akiwamo Xanana Gusmão, walipita katika seminari ya Mama Yetu wa Fatima iliyoko Dare, kwenye vilima vya juu ya Dili. Huko walikipata Kireno chao. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Lugha moja, sura mbili

Kabla ya kuendelea, inafaa tutazame jirani yao mkubwa. Tarehe 28 Oktoba 1928, vijana kutoka visiwa mbalimbali vilivyokuwa chini ya Waholanzi walikutana Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo. Waliapa kuwa na nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja, waliyoiita Kiindonesia. Lugha hiyo ilijengwa juu ya Kimalai, lugha ya bandarini na sokoni ambayo kwa wengi wao ilikuwa lugha ya kujifunza.

Wangeweza kuchagua Kijava. Wajava walikuwa zaidi ya watu wanne kati ya kila kumi katika visiwa vile, na lugha yao ilikuwa na maandishi ya karne nyingi. Lakini Kijava kingewafanya Wajava wawe wenyeji na wengine wote wawe wageni. Zaidi ya hayo, Kijava kina ngazi za heshima. Kabla hujafungua mdomo ni lazima ujue nani mkubwa na nani mdogo, kwa sababu maneno unayomwambia mkubwa ni tofauti na yale unayomwambia mdogo. Vijana waliotaka taifa la watu sawa waliona Kimalai kinafaa zaidi. Kundi kubwa lilikubali kujifunza lugha isiyo yake ili madogo yasijisikie yamemezwa, na Indonesia yenye lugha zaidi ya 700 ikapata lugha ya kuiunganisha.

Lakini tarehe 7 Desemba 1975 majeshi ya Indonesia yaliivamia Timor ya Mashariki, siku tisa tu baada ya nchi hiyo kutangaza uhuru wake kutoka kwa Wareno. Mwaka 1976 ikatangazwa kuwa mkoa wa 27 wa Indonesia. Kireno kikapigwa marufuku, na Kiindonesia kikawa lugha ya ofisi, ya shule na ya redio. Tume ya ukweli na maridhiano iliyoundwa baadaye ilikadiria kwamba watu takribani 100,000 walipoteza maisha katika miaka ya vita na ukaliaji, wengi wao kwa njaa na magonjwa.

Lugha ilikuwa ileile, na sarufi yake ileile. Kwa kijana wa Sumatra mwaka 1928 ilikuwa lugha ya udugu. Kwa mama wa Timor mwaka 1976 ilikuwa lugha ya askari aliyebisha hodi usiku. Ubora wa Kiindonesia haukupungua hata kidogo baharini. Kilichobadilika ni njia iliyokileta.

Uamuzi wa Kanisa mwaka 1981

Sasa tufike kwa Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikuwa umefungua mlango wa kutumia lugha za watu katika ibada. Timor ya Mashariki, Kilatini kilipopisha, kilichoingia ni Kireno. Kireno kilipokatazwa, Kanisa likabaki na swali: Misa isomwe kwa lugha gani?

Njia nyepesi ilikuwa Kiindonesia. Vitabu vya Misa vya lugha hiyo vilikuwepo tayari, kwa sababu Indonesia ina Wakatoliki wengi, wenye maaskofu wao na seminari zao. Serikali ingefurahi. Watoto walikuwa wanajifunza lugha hiyo shuleni. Kitetum, kwa upande mwingine, kilikuwa na vitabu vichache na tahajia isiyo na utaratibu mmoja. Misale, masomo na nyimbo vilihitaji kutafsiriwa.

Kanisa la Dili, likiongozwa wakati huo na Monsinyori Martinho da Costa Lopes kama msimamizi wa kitume, lilichagua Kitetum. Mwaka 1981 Vatikano iliidhinisha Kitetum kitumike katika liturujia. Lilisaidiwa na jambo moja la kisheria: Kanisa la Timor ya Mashariki halikuwekwa chini ya Baraza la Maaskofu wa Indonesia, bali lilibaki chini ya Roma moja kwa moja.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Kanisa likawa mahali pekee pa hadhara ambapo watu wa makabila mbalimbali waliweza kukusanyika na kusikia neno likisomwa na kuhubiriwa kwa lugha ya nchi yao. Mtu wa Kimakasae na mtu wa Kimambae walikaa benchi moja na kuimba wimbo mmoja. Kitetum kilichokuwa lugha ya sokoni kikawa lugha ya altareni, na hadhi yake ikapanda machoni pa wasemaji wenyewe. Hata watu wa maeneo ambayo hayakuwahi kukitumia sana walikijifunza kwa njia ya katekesi.

Mwaka 1975 Wakatoliki walikuwa chini ya theluthi moja ya watu wote. Leo ni zaidi ya asilimia 95. Tuwe wakweli: sababu si lugha peke yake. Sheria za Indonesia zilimtaka kila raia awe na dini inayotambuliwa na serikali, na wengi waliokuwa katika dini za jadi walilazimika kuchagua. Lakini waliochagua, walichagua Kanisa lililowazika ndugu zao, lililowaficha watoto wao, na lililozungumza nao kwa lugha waliyoielewa. Papa Fransisko alipoadhimisha Misa katika uwanja wa Tasi Tolu, Dili, mwezi Septemba 2024, walikadiriwa kufika watu 600,000, karibu nusu ya wananchi wote.

Uhuru na uchaguzi mgumu

Tarehe 30 Agosti 1999 wananchi walipiga kura chini ya Umoja wa Mataifa, na asilimia 78.5 wakachagua kujitenga na Indonesia. Tarehe 20 Mei 2002 nchi ikawa huru. Sasa ilibidi taifa lenyewe lichague lugha, na mezani zilikuwepo nne.

Kiindonesia kilijulikana na vijana wote waliosoma baada ya 1975, lakini kilikuwa na kumbukumbu chungu. Kiingereza kilikuwa lugha ya Umoja wa Mataifa na ya Australia, lakini hakikuwa na mizizi nchini. Kireno kilijulikana na wachache sana, hasa wazee na viongozi. Kitetum kilijulikana na wengi, lakini bado kilikuwa kinatafuta istilahi za sheria, sayansi na utawala.

Katiba iliamua hivi: lugha rasmi ni mbili, Kitetum na Kireno. Kiindonesia na Kiingereza zikaruhusiwa kuwa lugha za kazi katika utumishi wa umma kwa muda wote zitakapohitajika. Na lugha nyingine za asili zikaitwa, kwa heshima kabisa, lugha za kitaifa, ambazo serikali ina wajibu wa kuzithamini na kuziendeleza.

Kwa nini Kireno? Viongozi walikuwa na hoja. Kilikuwa lugha ambayo wapiganaji waliitumia katika nyaraka zao za siri. Kilizitofautisha Timor na majirani zake wawili wakubwa, na kuiunganisha na familia ya nchi zinazosema Kireno, kuanzia Brazili hadi Angola na Msumbiji. Baadhi ya viongozi wa chama cha FRETILIN walikuwa wameishi uhamishoni Msumbiji kwa zaidi ya miaka 20. Huko waliona jinsi FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilivyokichukua Kireno cha mtawala na kukifanya lugha ya umoja katika nchi isiyo na lugha ya asili inayojulikana na wote.

Lakini tukumbuke seminari ya Dare. Waliofanya uamuzi walikuwa ndio waliosoma kwa Kireno. Vijana waliosoma kwa Kiindonesia, ambao wengi wao waliandamana na kuumia kwa ajili ya uhuru, walijikuta siku ya uhuru hawana lugha ya kuombea kazi serikalini. Walilalamika kwamba wazee wamewafungia mlango. Hata watu wema, wanaoipenda nchi yao kwa dhati, huona kirahisi kwamba lugha inayofaa taifa ni ile wanayoijua wao.

Mtoto wa Lospalos

Mzigo mkubwa wa uchaguzi huo uliangukia mabegani pa mtoto. Mfikirie mtoto wa Lospalos. Nyumbani anasema Kifataluku. Jumapili anasikia Misa kwa Kitetum. Darasani anakuta vitabu vya Kireno, na mwalimu ambaye naye hakiwezi sana, kwa sababu alisoma kwa Kiindonesia. Mtoto ananakili ubaoni asichokielewa. Si mjinga, ana lugha mbili kichwani kabla hajafikisha miaka kumi. Lakini mtihani unampima kwa lugha ya tatu.

Ndiyo maana katika miaka iliyofuata ulianzishwa mradi wa majaribio katika baadhi ya shule: Kifataluku kule Lautém, Kigaloli kule Manatuto, na Kibaikeno kule Oecusse. Mtoto anaanza kusoma na kuandika kwa lugha ya mama yake, kisha anavushwa kwenda Kitetum, halafu Kireno. Mpango huo ulipata wapinzani. Wengine waliogopa kwamba utaligawa taifa changa kikabila, au utamchelewesha mtoto kukijua Kireno.

Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Nchi iliyotoka vitani ina haki ya kuogopa mgawanyiko. Lakini hapo pia tunaona kwamba hata Kitetum, lugha iliyowakomboa wengi, kwa mtoto wa Lospalos ni lugha ya kujifunza. Kanisa lilipokichagua lilifanya jambo jema, na jema hilo nalo lilimwacha mtu pembeni. Hakuna uchaguzi wa lugha usio na gharama. Kilicho muhimu ni kujua nani anailipa, na kama kuna anayemsaidia kuilipa.

Na sisi je?

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshaona sura yake katika kioo hiki. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120. Kabila kubwa kuliko yote ni Wasukuma, lakini lugha ya taifa haikuwa Kisukuma. Ilikuwa Kiswahili, lugha mama ya watu wa pwani na visiwani, ambao ni wachache. Mwalimu Julius Nyerere alitoka katika Wazanaki, kabila dogo la Butiama na maeneo ya jirani. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alijifunza, akakipenda, akakitumia kujenga TANU, na mwaka 1967 kikatangazwa kuwa lugha rasmi. Aliyeitaka nchi ijifunze lugha hiyo alikuwa amejifunza yeye kwanza. Na alipotaka kuwapa Wakristo wenzake Injili katika tenzi, alizitunga kwa Kiswahili.

Tusidhani Kiswahili kilikuja kwa njia safi tangu mwanzo. Kilipanda bara pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Wajerumani walikitumia kutawala, na maakida walikitumia kudai kodi. Lakini wamisionari walikitumia pia kufundisha katekesi, wafanyakazi walikitumia kuelewana bandarini na mashambani, na mwishowe wananchi walikishika wenyewe na kukifanya lugha ya kudai uhuru. Lugha inaweza kuja kwa njia mbaya na kutakaswa na watu wanaoipokea na kuifanya yao.

Pamoja na shukrani hiyo, tunazo gharama zetu. Mtoto wa Bariadi anasema Kisukuma nyumbani, anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza anakutana na fizikia kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Mtoto huyu na yule wa Lospalos wangekutana, wangeelewana haraka juu ya kunakili ubaoni kitu usichokielewa.

Na katika Kanisa, gharama yetu ni yule bibi. Katika majimbo yetu mengi Misa ni ya Kiswahili, na kuna sababu njema. Parokia za mjini zina waamini wa makabila yote, na padre akianza kuhubiri kwa lugha ya kabila moja, wengine wanajiuliza kama wamealikwa. Mapadre wanapangiwa kazi mbali na kwao. Umoja huu ni zawadi, na hatupaswi kuuchezea. Lakini umoja wa altareni haumzuii mtu kusikilizwa kitandani kwake.

Mwanga wa Maandiko

Tunapozungumzia lugha tumezoea kutaja Babeli na Pentekoste. Lakini kuna simulizi jingine katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, linalotufaa zaidi hapa. Ugomvi wa kwanza unaosimuliwa ndani ya jumuiya ya Yerusalemu ulihusu watu wa lugha mbili. Wakristo waliosema Kigiriki walinung'unika kwa sababu wajane wao walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Hatuambiwi kwamba mtu yeyote aliwasahau kwa makusudi. Pengine waliogawa walikuwa wanawafahamu wajane wa lugha yao tu.

Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuwaambia wajifunze kwanza lugha ya wenyeji. Waliitisha jumuiya, wakachaguliwa watu saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Jumuiya iliwakabidhi huduma watu ambao, kwa kadiri majina yao yanavyoonyesha, waliweza kuwasikia wale waliokuwa wamesahauliwa. Kanisa lilibaki moja, na wajane wakala.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hayo, tunaweza kutoa mapendekezo machache kwa waseminari na kwa waamini.

1. Mseminari ajifunze lugha ya mahali anapotumwa, hata kidogo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 249, inataka waseminari wafundishwe vizuri lugha ya nchi yao na Kilatini, na wawe na ujuzi wa lugha nyingine zinazohitajika kwa malezi yao au kwa huduma ya kichungaji. Tukisikia "lugha nyingine" tunafikiria haraka Kiitaliano na Kiingereza. Kwa padre wa kijijini, lugha inayohitajika inaweza kuwa Kigogo, Kimakonde au Kiiraqw. Salamu, sala za msingi, na maswali ya kumuuliza mgonjwa ni mwanzo mzuri.

2. Anayeungama asikose msaada kwa sababu ya lugha. Kanuni ya 990 inaruhusu mtu kuungama kwa njia ya mkalimani, mradi matumizi mabaya na makwazo yaepukwe, na kanuni ya 983 §2 inambana mkalimani huyo kutunza siri. Waamini wengi hawajui haki hii. Hata hivyo, ni vema zaidi paroko amtafute padre anayeijua lugha ya mgonjwa, hata kama anatoka parokia ya jirani. Tumeona mwanzoni kwamba mkalimani ambaye ni jirani anaweza kumfanya mgonjwa afiche, au yeye mwenyewe akaona haya kutafsiri.

3. Jumuiya ndogondogo za Kikristo zitumie lugha inayowapa wote nafasi ya kusema. Kama wote waliopo ni wa lugha moja, hakuna ubaya wakitafakari Injili kwa lugha hiyo. Kama yupo hata mgeni mmoja, Kiswahili kitumike, na wazee wasioweza wasaidiwe na mtu aliyekaa karibu nao.

4. Wazazi wasione aibu kuwafundisha watoto wao lugha ya nyumbani. Kiswahili hakiibiwi kitu mtoto akizungumza na bibi yake.

5. Anayeamua juu ya lugha ajiulize kwanza kama uamuzi wake unamfaa yeye kuliko wengine. Swali hili ni kwa mbunge, kwa mwalimu, na hata kwa kamati ya liturujia ya parokia inayochagua nyimbo.

Hitimisho

Wakatoliki wa Timor ya Mashariki walichagua Kitetum wakati ambapo kukichagua kulikuwa na hatari, na taifa lao bado linajitahidi kumfikia mtoto wa Lospalos. Sisi tulipewa Kiswahili na wazee wetu, nasi tunacho kazi ya kumfikia bibi yetu. Frateri aliyemtembelea hana haja ya kulaumu lugha ya taifa. Anaweza kurudi wiki ijayo akiwa amejifunza kwa katekista namna ya kuuliza, kwa lugha ya bibi, "Umeamkaje? Una nini moyoni?" Na akishauliza, akae chini, asikilize hadi mwisho hata kama hataelewa yote.

Roho Mtakatifu, aliyewajalia watu wa kila lugha kusikia matendo makuu ya Mungu, atujalie na sisi masikio ya kuwasikia wenzetu.